Hesabu Sahihi ni Ulinzi: Semina za Takwimu za Afya na Somo la Kasese

Ulinzi wa nchi haukomei kwenye mtutu wa bunduki. Askari aliye lindoni Mpondwe na polisi anayekagua magari katika barabara ya Kasese na Bwera wanafahamu wote wawili kwamba yuko adui asiyevaa sare, asiyeogopa risasi, wala asiyesimama anapoamriwa kusimama. Adui huyo ni maradhi. Tarehe 11 Juni, 2019, ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka mitano, aliyevuka mpaka na jamaa zake kutoka Kongo na kufikishwa katika hospitali ya Kagando, alikuwa na ugonjwa wa Ebola. Alihamishiwa Bwera, na huko akafariki dunia. Ndugu yake mdogo na bibi yao nao walikutwa na ugonjwa huo huo. Hao watatu walikuwa watu wa familia moja. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti mwaka huo, mtoto mwingine wa miaka tisa aligunduliwa pale pale mpakani, naye hakupona.

Upande wa pili wa mpaka, ugonjwa huo ulitangazwa tarehe 1 Agosti, 2018, na haukutangazwa kuwa umekwisha hadi tarehe 25 Juni, 2020. Katika muda huo uliwapata watu 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Kwa nini huku walikuwa wachache na kule maelfu? Sababu ni nyingi, na vita vya Kivu ya Kaskazini ni mojawapo. Lakini ni vema tukumbuke kwamba kabla mtoto yule hajavuka mpaka, Uganda ilikuwa imekwisha kuwachanja wahudumu wa afya wapatao 4,700 katika vituo 165. Kazi kama hiyo haifanywi kwa kubahatisha. Ni lazima awepo mtu wa kukadiria njia wanazopita watu, siku za masoko, na idadi ya wahudumu walio katika hatari. Na kisha aseme kwa uhakika chanjo ipelekwe wapi kwanza.

Katika makala haya tutachambua elimu inayomwezesha mtu kufanya kazi ya namna hiyo, yaani elimu ya takwimu za afya, ambayo wataalamu huiita baiostatistiki. Vile vile tutazichambua semina fupi zinazotumika siku hizi kuieneza elimu hiyo miongoni mwa watafiti, madaktari na wauguzi wetu. Tunawaandikia askari na polisi makusudi, kwa sababu jambo hili linawahusu kuliko wengi wao wanavyodhani.

MASWALI MATATU

Kila askari aliyewahi kutumwa kufanya upelelezi anajua kwamba taarifa isemayo "adui ni wengi" haimsaidii kamanda wake hata kidogo. Kamanda atauliza: ni wengi kiasi gani, umewaonaje, na jana walikuwa wangapi? Takwimu za afya hazina siri kubwa kupita hiyo. Msingi wake ni maswali matatu. La kwanza, wagonjwa hawa ni kati ya watu wangapi? La pili, watu hao wamepatikanaje? La tatu, tunawalinganisha na nani?

Tutazame gombolola ya Maliba, chini ya milima ya Ruwenzori, katika wilaya ya Kasese. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba daftari la kituo cha afya cha huko linaonyesha wagonjwa 200 wa malaria katika mwezi wa Aprili, na 300 katika mwezi wa Mei. Mtu mwepesi wa kusema atatangaza kwamba malaria imeongezeka kwa nusu nzima. Sasa tuulize swali la kwanza. Ikiwa mwezi wa Aprili walipimwa watu 400, na mwezi wa Mei wakapimwa watu 600 kwa kuwa shehena mpya ya vipimo iliwasili, basi miezi yote miwili nusu ya waliopimwa walikutwa na malaria. Kilichoongezeka kwa hakika ni vipimo, na daftari halitoshi kusema zaidi ya hapo.

Swali la pili, la jinsi watu walivyopatikana, polisi watalielewa upesi. Kikosi cha usalama barabarani kikisimamisha malori peke yake kwa mwezi mzima, mwisho wa mwezi daftari lake litaonyesha kwamba wavunjaji wa sheria wote ni madereva wa malori. Daftari halikudanganya, bali namna ya kusimamisha magari ndiyo iliyodanganya. Daftari la kituo cha afya nalo huandika wale tu waliofika kituoni. Mkulima anayeishi mlimani, ambaye mvua imemkatia njia, haonekani humo hata kama nyumba yake yote inatetemeka kwa homa.

Makosa ya takwimu ni ya namna mbili, nayo yote mawili huonekana katika uwanja wa shabaha. Yuko askari ambaye risasi zake hutawanyika huku na huku. Huyo akipiga nyingi, wastani wake waweza kuonyesha mahali alipolenga. Yuko mwingine ambaye risasi zake zote hukusanyika pamoja, lakini upande wa kushoto wa shabaha, kwa sababu bunduki yake haikurekebishwa. Huyo hata akipiga risasi elfu moja hatafika katikati. Katika utafiti, kosa la kwanza hupunguzwa kwa kuongeza idadi ya watu wanaochunguzwa. Kosa la pili halipungui kwa wingi wa watu. Hupungua tu kwa kurekebisha namna ya kuwachagua na kuwapima. Mtafiti asiyejua kuzitenganisha hali hizi mbili aweza kutumia fedha nyingi na muda mrefu, na mwisho wake akawa na jibu la uongo analoliamini kwa moyo wote.

MAFURIKO YA MWAKA 2013

Mfano wa kazi iliyofanywa ipasavyo hauko mbali na Maliba. Mwezi wa Mei, 2013, mito inayoteremka kutoka Ruwenzori ilifurika vibaya na kuleta maafa katika wilaya ya Kasese. Baada ya maji kupungua, wananchi walisema kwamba malaria imezidi. Je, ilikuwa kweli, au yalikuwa ni maneno ya watu waliokwisha kupata taabu?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walitumia kumbukumbu za kituo cha afya cha Bugoye, gombolola iliyo jirani na Maliba. Kama wangalilinganisha miezi ya kabla ya mafuriko na miezi ya baadaye peke yake, mtu angeweza kuwajibu kwamba mwaka ule huenda malaria iliongezeka kila mahali kwa sababu ya mvua. Kama wangalilinganisha vijiji vya kando ya mto na vijiji vya mbali peke yake, mtu angeweza kusema kwamba kando ya mto mbu huwa wengi siku zote. Kwa hiyo walilinganisha mambo yote mawili kwa pamoja: mabadiliko katika vijiji vilivyopakana na mto uliofurika, dhidi ya mabadiliko katika vijiji vilivyo mbali na mto, katika muda ule ule. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba katika vijiji vya kando ya mto hatari ya mtu kukutwa na malaria ilizidi kwa takriban asilimia 30.

Jibu hilo lina manufaa makubwa. Linamwambia mkuu wa wilaya kwamba baada ya mafuriko haitoshi kugawa mahema na unga, bali vyandarua na dawa za malaria hazina budi kwenda katika vijiji fulani kwa muda fulani. Linamwambia pia kamanda, ambaye askari wake hutumwa kuwaokoa watu na kujenga madaraja, kwamba kikosi kitakachopiga kambi kando ya mto ule kinahitaji vyandarua kabla ya kuhitaji saruji. Na jambo la kutia moyo ni kwamba jibu hilo lilitoka katika kumbukumbu za kawaida za kituo cha afya. Vituo vya namna hiyo viko vingi katika nchi yetu. Walio wachache ni watu wanaojua kuziuliza kumbukumbu hizo maswali.

JARIBIO LA BENI

Mfano wa pili uko ng'ambo ya Mto Lhubiriha. Katika maradhi ya Ebola yaliyotangazwa Afrika ya Magharibi mwaka 2014, dawa iitwayo ZMapp ilisifiwa sana. Ilipojaribiwa, wagonjwa waliopatikana walikuwa 72 tu, maana maradhi yenyewe yalikuwa yanakwisha. Kati ya 36 waliopewa dawa hiyo walikufa 8, na kati ya 35 waliopata matunzo ya kawaida walikufa 13. Ukitazama haraka utasema dawa imefaulu. Lakini kwa idadi ndogo kiasi hicho tofauti hiyo yaweza kuletwa na bahati tu, na watafiti wenyewe walikiri kwamba ushahidi haukufikia kipimo walichokuwa wamejiwekea.

Tarehe 20 Novemba, 2018, lilianza jaribio jingine katika Kivu ya Kaskazini, likaitwa kwa Kiswahili Pamoja Tulinde Maisha. Liliongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, pamoja na wataalamu wa Marekani na Shirika la Afya Duniani. Vituo vyake vilikuwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa nne, na kila mgonjwa alipangiwa dawa yake kwa bahati nasibu. Wako watu walioona jambo hilo ni ukatili, wakauliza inakuwaje maisha ya mtu yapigiwe kura. Lakini hakuna aliyejua wakati ule dawa ipi ni bora. Daktari akiachiwa achague, bila kukusudia atampa dawa moja yule aliye mahututi na nyingine yule mwenye nafuu. Na baadaye haitajulikana kama aliyepona amepona kwa dawa au kwa nafuu aliyokuja nayo.

Kazi hiyo ilifanyika katika eneo la mapigano. Mwezi wa Februari, 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na hata hivyo jaribio liliendelea. Tarehe 9 Agosti, 2019, kamati huru iliyokuwa ikisimamia usalama wa wagonjwa ilipitia takwimu za watu 499, ikaona dawa mbili zinawashinda wenzake waziwazi, ikashauri wagonjwa wote wapewe hizo mbili tu. Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: waliopewa ZMapp walikufa 84 kati ya 169, yaani karibu nusu. Waliopewa remdesivir walikufa 93 kati ya 175. Waliopewa mAb114 walikufa 61 kati ya 174, na waliopewa REGN-EB3 walikufa 52 kati ya 155, yaani theluthi moja hivi. Dawa iliyosifiwa jana ilipitwa mbali, na tangu siku ile mgonjwa wa Ebola ya aina hiyo ana matumaini ambayo hakuwa nayo zamani.

Tuzingatie jambo moja. Kama watu wale 499 wangaliandikwa ovyo, kama umri, siku ya kuugua na siku ya kufa zingalikosewa, kamati isingaliweza kuamua siku ile. Ingalibidi ingoje, na wakati ikingoja wagonjwa wangaliendelea kupewa dawa dhaifu. Hapo ndipo kalamu ya karani wa daftari inapokuwa na uzito sawa na sindano ya daktari.

JESHI NALO LIMEFUNZWA NA HESABU

Wasidhani wenzetu kwamba mambo haya ni ya raia tu. Mwezi wa Septemba, 1986, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Harare, Rais Fidel Castro wa Kuba alimwarifu Rais Yoweri Museveni kwamba kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Kuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Rais Museveni mwenyewe ameieleza habari hiyo mara nyingi.

Mtu angeweza kuikosea hesabu hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusema kwamba basi asilimia 30 ya Waganda wote wana virusi. Hilo si sahihi, kwa maana askari wale walikuwa watu wazima waliochaguliwa, na maisha yao hayakufanana na ya kila mwananchi. Ya pili ni kusema kwamba watu 60 ni wachache mno, kwa hiyo habari hii ipuuzwe. Hilo pia si sahihi. Kama ugonjwa ungalikuwa kwa mtu mmoja katika kila mia, katika watu 60 tusingalitarajia kumpata hata mmoja kamili. Kupata 18 hakuwezi kuwa bahati mbaya tu. Njia ya haki ilikuwa kuipokea hesabu ile kama mlio wa king'ora, kisha kwenda kupima nchi. Na ndivyo ilivyofanyika: wananchi walionywa waziwazi, na uchunguzi wa nchi nzima ukafanywa mwaka 1987 na 1988.

Kinyume chake tunakiona katika Vita Kuu ya kwanza ya 1914 hadi 1918. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya majeshi ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Lakini idadi yao kamili haijakubaliwa na wanahistoria hata leo, maana wengi hawakuandikwa vizuri walipochukuliwa wala walipozikwa. Watu wasiohesabiwa hawakupata mganga wakati wao, wala warithi wao hawakupata haki zao baadaye.

SEMINA ZENYEWE

Sasa tuje kwenye dawa ya tatizo. Hatuwezi kungoja kila wilaya ipate mtaalamu wa takwimu mwenye shahada ya juu. Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha somo hilo katika chuo chake cha afya ya jamii, na tangu mwaka 2015 Wizara ya Afya ina mpango wa miaka miwili wa kuwafunza wapelelezi wa maradhi kazini. Hao ni hazina, lakini ni wachache. Ndiyo sababu pameanzishwa semina fupi, za siku tano, wiki mbili au miezi mitatu, za kuwapa watafiti na wahudumu wa afya msingi wa kazi.

Semina nzuri hufundisha mambo machache kwa mpango. Kwanza ni kuandika swali linaloweza kujibiwa. Pili ni kukadiria idadi ya watu watakaochunguzwa kabla kazi haijaanza. Tatu ni kutengeneza fomu isiyomchanganya anayejaza. Nne ni kusafisha kumbukumbu, kwa mfano kumtafuta mtu aliyeandikwa kuwa na umri wa miaka 210, au mwanamume aliyeandikwa kuwa mjamzito. Tano ni kupiga hesabu kwa kompyuta, na hapo ipo programu ya R, ambayo hupatikana bure, hivyo umaskini si kisingizio. Sita ni kueleza matokeo pamoja na kiasi cha shaka kilichomo, bila kutia chumvi.

Hata hivyo ni lazima tuseme ukweli. Nyingi ya semina hizi hazileti matunda. Wanasemina hukusanyika katika hoteli ya mjini, husikiliza mihadhara, hufanya mazoezi kwa takwimu za nchi za mbali, hupokea posho na cheti, hupiga picha ya pamoja na kutawanyika. Baada ya miezi mitatu ukimuuliza mmoja wao namna ya kutumia programu aliyofundishwa, atakuambia amesahau. Hatumlaumu yeye peke yake. Hakuna askari aliyejua shabaha kwa kusikiliza mhadhara juu ya bunduki. Hupewa silaha yake mwenyewe, hupiga, husahihishwa, hupiga tena, na mwakani hurudishwa uwanjani kupimwa.

Mpango uitwao SORT IT, ulioanzishwa mwaka 2009 na sasa unasimamiwa na kitengo cha utafiti wa maradhi ya nchi za joto chenye makao yake katika Shirika la Afya Duniani, umejengwa juu ya kanuni hiyo, na Uganda imo katika nchi zilizoutumia. Mafunzo yake hugawanywa sehemu sehemu kwa muda wa miezi kadhaa. Kila mwanasemina huja na swali la kazini kwake na takwimu za kwao. Katika sehemu ya kwanza huandika mpango wa utafiti, katika nyingine huchambua kumbukumbu zake, na katika ya mwisho huandika makala ya kuchapishwa. Asiyekamilisha kazi ya sehemu moja kwa tarehe iliyowekwa haendelei na sehemu inayofuata. Huo ni utaratibu ambao mwanajeshi yeyote atautambua na kuuheshimu.

Yako pia mambo ambayo semina fupi haiwezi kuyafanya hata ikiendeshwa vizuri namna gani. Siku tano hazimgeuzi muuguzi kuwa mtaalamu wa takwimu, kama vile mafunzo ya huduma ya kwanza yasivyomgeuza koplo kuwa daktari wa upasuaji. Faida yake ni kumjulisha mtu mipaka ya uwezo wake, ili amwite mtaalamu mapema. Bwana R. A. Fisher, mwanatakwimu mashuhuri wa Uingereza, alitahadharisha mwaka 1938 kwamba mtaalamu anayeitwa baada ya jaribio kumalizika huweza tu kuipasua maiti na kueleza kilichoiua. Muuguzi wa Maliba anayepiga simu Mbarara kabla ya kuchapisha fomu zake ameokoa kazi ya mwaka mzima.

KWA NINI SASA

Jambo hili halifai kuahirishwa, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba maradhi hayatoi notisi. Mwaka 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilipotokea Mubende, chanjo za kujaribiwa zilifika wakati maradhi yamekwisha kudhibitiwa, hivyo jaribio halikufanyika. Tarehe 30 Januari, 2025, ugonjwa huo ulipotangazwa tena Kampala, jaribio la chanjo lilianza katika siku nne tu. Tofauti iliyokuwapo kati ya miaka hiyo miwili ni maandalizi: mpango wa utafiti ulikuwa umekwisha kuandikwa, na watafiti wa Makerere na wa taasisi ya virusi ya Entebbe walikuwa tayari. Mtu hafundishwi kuhesabu siku ya mlipuko.

Sababu ya pili ni ya kujitegemea. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na mipango mingi ya afya katika Afrika ya Mashariki ikapungukiwa fedha na watu. Kwa muda mrefu damu imepimwa hapa, na hesabu zake zikafanywa ng'ambo. Tunawashukuru waliotusaidia, na tutaendelea kushirikiana nao. Lakini nchi ambayo haiwezi kusoma daftari lake yenyewe hungoja kuambiwa na wengine kama inaumwa.

WAJIBU WETU

Askari na polisi wana sehemu yao katika kazi hii. Kwanza, waganga wa vikosi na wahudumu wa zahanati za kambi na vituo vya polisi wapelekwe katika semina hizi pamoja na wenzao wa kiraia, na waende na madaftari yao wenyewe. Wilaya ya mpakani ikimpeleka muuguzi, karani wa kumbukumbu na mtu wa maabara kwa pamoja, watarudi wakiwa kikosi kinachosaidiana. Akienda mmoja peke yake, ujuzi wake utahama naye atakapohamishwa.

Pili, makamanda wajifunze kuuliza yale maswali matatu kila wanapoletewa ripoti ya wagonjwa: ni kati ya wangapi, wamepatikanaje, na tunalinganisha na nini. Na wakishauliza, wasimwadhibu aliyeleta jibu baya. Zahanati inayoandika kwamba haina mgonjwa kwa sababu muuguzi anamwogopa afande imempa adui njia ya kupita bila kuonekana. Siri ya mgonjwa mmoja mmoja ilindwe kikamilifu, lakini idadi isifichwe.

Tatu, watafiti wanapofika vijijini, iwe Maliba, Bwera au penginepo, ulinzi wetu uwe wa kuwapa wananchi imani, wala usiwe wa kuwatisha. Mwananchi wa mlimani anayeona bunduki mbele ya kila fomu atajibu kile anachodhani kinatakiwa, na hapo bunduki yetu itakuwa imeipinda shabaha ya mtafiti. Vile vile wananchi wana haki ya kuletewa matokeo, kwa Kiswahili au kwa Lhukonzo, wajue damu na majibu yao yamefanya kazi gani.

Wanaopanga semina hizi nao tunawaomba wapimwe kwa kipimo cha kazi. Mwaka mmoja baada ya semina, waende katika kila kituo kilicholeta mtu, wafungue daftari, na waulize ni swali gani limejibiwa tangu aliporudi, na ni uamuzi gani umebadilika kwa sababu ya jibu hilo. Palipo na jibu, waendelee na wengine waige. Pasipo na jibu, fedha hizo zipelekwe kununua vipimo vya malaria, maana hivyo walau vitamfikia mgonjwa.